Safari ya Kolo: Elimu Iliyo Nje ya Uzio wa Shule

Karibu kila mtoto wa Tanzania aliyepita Kidato cha Kwanza anaijua Kondoa Irangi kwa jina. Katika somo la Historia, pale panapofundishwa vyanzo vya habari za kale, jina hilo hutajwa pamoja na Olduvai na Isimila. Mtoto hulinakili daftarini, hulikariri, na siku ya mtihani hulirudisha kama alivyolipokea. Katika Jiografia hukutana na jina jingine, HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, nalo hulikariri kwa namna hiyo hiyo. Sisi tuishio Dodoma tumeyazoea majina haya mawili kiasi cha kusahau kwamba mahali penyewe pako kwetu, mwendo wa saa chache kwa gari, kwenye barabara ile ile tunayopita kwenda Babati na Arusha.

Kamati yetu ya msikiti ililiona jambo hili pale tulipowauliza vijana wa darasa la jioni, ambao wengi wao wako Kidato cha Tatu na cha Tano, ni nani kati yao amewahi kufika Kolo kuitazama michoro ya miambani. Hakuna aliyenyoosha mkono. Tukauliza ni nani ajuaye maji anayotawadhia yanatoka wapi. Wakajibu: bombani. Ndipo tukaazimia kuandaa ziara ya kimasomo ya siku mbili, kutoka mjini hadi Makutupora, kisha Kondoa, kisha Kolo, na kurejea.

Tunaandika makala haya kwa wazazi wenzetu, kwa sababu jambo lililotuchosha zaidi katika maandalizi halikuwa fedha wala usafiri. Lilikuwa ridhaa ya wazazi.

Pingamizi zilikuwa tatu, na zote zilistahili kusikilizwa. Ya kwanza ilikuwa hofu ya barabara. Hakuna mzazi wa nchi hii aliyesahau Mei 2017, wakati basi dogo la wanafunzi lilipotumbukia korongoni wilayani Karatu na kuua zaidi ya watoto thelathini pamoja na walimu wao. Ya pili ilihusu mabinti: watalala wapi, na nani atakuwa nao? Ya tatu ilitoka kwa mzee wetu mmoja wa kamati, aliyeuliza kuna faida gani kwa kijana wa Kiislamu kusafiri mbali kwenda kutazama picha za watu wa kale na mapango ya matambiko, hali msahafu wake hajaumaliza.

Tulianza na hili la mwisho, kwa kuwa ndilo linalogusa msingi. Qur'ani Tukufu, katika Surat al-'Ankabut na katika sura nyinginezo, inawaelekeza wanadamu watembee ardhini, watazame na kuzingatia. Katika Surat al-Kahf, Nabii Musa (A.S.) hakuletewa mafunzo ya yule mja mwema mlangoni pake, alifunga safari, akachoka, akaona njaa, na kila somo alilopewa lilikuwa juu ya jambo alilolishuhudia kwa macho yake: jahazi, kijana na ukuta. Swahaba Jabir bin Abdullah (R.A.) alisafiri mwendo wa mwezi mzima hadi Sham ili aisikie hadithi moja kutoka kinywani mwa Abdullah bin Unays. Hakutosheka kusimuliwa na wa tatu.

Na lile la mabinti, pamoja na hofu ya wazazi kwa ujumla, lilitukumbusha habari za Imam Bukhari. Alipotoka kwao Bukhara kwenda Hijja, safari iliyomfungulia mlango wa kutafuta hadithi katika miji ya Waislamu, alikuwa na umri wa miaka kama 16, umri wa wanafunzi wetu hawa. Hakwenda peke yake. Alifuatana na ndugu yake na mama yake. Basi nasi tukawaambia wakina mama: njooni. Sita walijitokeza. Orodha ya mabinti, iliyokuwa na majina matatu, ikafika kumi na tisa.

Kuhusu barabara hatukumwahidi mzazi yeyote kwamba ajali haitatokea, kwani hilo limo katika qadar ya Mwenyezi Mungu. Tuliahidi yale yaliyo ndani ya uwezo wetu: gari lililokaguliwa, kila mtoto kiti chake na mkanda wake, madereva wawili, mwendo wa mchana tu, na mtu wa kamati kukaa karibu na dereva mwenye amri ya kumsimamisha. Barabara ya lami kutoka Dodoma hadi Babati, iliyozinduliwa mwaka 2018, imeifupisha sana safari ambayo zamani ilikuwa ya vumbi na matope. Lakini lami hiyo hiyo humshawishi dereva kukimbia, na ndiyo sababu ya amri ile.

Wiki moja kabla ya kuondoka, kila mwanafunzi alipewa swali lake moja la kulitafutia jibu njiani. Hapakuwa na mtoto aliyekwenda kutazama tu.

Kituo cha kwanza kilikuwa Makutupora, kaskazini ya mji. Nchi hii ya kati ni kavu. Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki mbingu hufungwa. Hata hivyo mji umekunywa kwa miongo mingi kutoka visima vya bonde hili la Makutupora. Kina cha maji ya ardhini hapa kimepimwa na kuandikwa tangu miaka ya 1950, na kumbukumbu hizo ndefu, ambazo ni nadra kupatikana katika Afrika, zimewafunza wataalamu jambo la ajabu: mvua za kawaida huongeza kidogo sana katika hazina ya chini. Maji mengi tunayoyavuta yaliingia ardhini katika misimu michache ya mvua zisizo za kawaida, kama ile ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998.

Vijana walisimama juani karibu na kisima, wakisikia mtambo ukivuma, wakapiga hesabu. Binti mmoja wa Kidato cha Tano alitazama juu, kisha akasema: "Kwa hiyo tunatawadhia mvua iliyonyesha kabla sisi hatujazaliwa." Hakuna aliyemfundisha sentensi hiyo. Kabla ya safari, kundi lake lilikuwa limepima maji anayotumia mtu mmoja kutawadha katika bomba la msikiti wetu, wakakuta ni mara kadhaa ya mudi moja, kipimo kisichofika lita moja, ambacho Anas bin Malik (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alikitumia kwa udhu wake. Pale Makutupora kipimo na kisima vilikutana kichwani mwake.

Baada ya hapo nchi ikafunguka: mibuyu, miiba, mashamba ya mtama na alizeti, na vilima vya mawe vilivyokaa peke yake uwandani. Adhuhuri ilipoingia tulikuwa tumekwisha kuuacha mji kwa safari yenye kuvuka marhala mbili. Vijana wote walijua kwa kusoma kwamba msafiri hupunguza na kukusanya. Wachache sana walikuwa wamewahi kufanya hivyo. Likazuka suala jingine. Maji tuliyobaki nayo yalikuwa ya kunywa, na kituo cha mbele hakikujulikana vizuri. Kijana mmoja akauliza: "Ustadhi, maji tunayo, tunayaona. Twaweza kutayamamu?" Ustadhi hakujibu mara moja. Aliwaacha wabishane kwa adabu, kila mmoja na hoja yake, kisha akawafafanulia kauli ya wanazuoni kwamba maji yanayohitajiwa kwa kiu huhesabiwa kama hayapo. Wakapiga mikono yao juu ya vumbi la Chemba. Mlango wa tayamamu wameusoma miaka mingi; siku ile waliuhitaji.

Tuliingia Kondoa alasiri. Mji huu ni wa zamani. Misafara ya biashara kutoka pwani ilipita hapa na chemchemi yake iliwafaa wasafiri. Uislamu nao ulishika mizizi miongoni mwa Warangi, na hadi leo adhana husikika kutoka kilima hadi kilima. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalipigana hapa, katika vita vilivyoanzia Ulaya. Wavulana walilala katika madrasa ya msikiti uliotupokea. Mabinti na wakina mama walipokewa katika nyumba za familia mbili za jirani. Chakula cha usiku kilikuwa ugali wa mtama na mlenda, na watoto wa mjini waliozoea wali walijifunza kula kwa haraka kuliko walivyojifunza kushukuru.

Kabla ya Magharibi tulipelekwa kuyaona makorongo. Hapa ndipo HADO ilipotoka daftarini. Milima ya Irangi ilikuwa imeharibiwa vibaya na mmomonyoko. Udongo mwekundu ulikuwa umechanwa, na mito ilikuwa imejaa mchanga. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa HADO kwa msaada wa Sweden. Yakachimbwa makinga maji, ikapandwa miti, na mwaka 1979 ikatolewa amri nzito: mifugo yote, inayokadiriwa kufika 90,000, iondolewe katika eneo lililoharibika lenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,256. Majani yakaota upya. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1980, ufugaji wa ng'ombe wa maziwa wa kulishwa zizini uliruhusiwa kuingia kidogo kidogo. Vitabuni, habari hiyo huishia kwenye neno "mafanikio".

Mwenyeji wetu, mzee wa Kirangi mwenye ndevu nyeupe, aliketi juu ya jiwe na vijana wakamzunguka. Wakampa shikamoo, naye akawajibu na kuwaombea dua. Binti mwenye swali la HADO alifungua daftari.

"Babu, mlikubali ng'ombe waondolewe?"

"Mjukuu wangu, hatukuulizwa. Tuliambiwa."

"Mliwapeleka wapi?"

"Wengine tuliuza kwa bei ya hasara. Wangu wanane niliwapeleka kwa shemeji yangu, mbali, nikawa nakwenda kuwaangalia kama mtu anayekwenda kumtazama mgonjwa. Watoto wangu wawili wa mwisho hawakuyajua maziwa ya nyumbani."

Kijana mwingine akasema: "Basi ilikuwa dhuluma, babu."

Mzee akanyamaza, kisha akanyoosha fimbo yake upande wa bonde. "Unauona ule mstari wa miti? Pale palikuwa na korongo, mtu akisimama ndani humwoni kichwa. Wajukuu zangu sasa wanalima pembeni yake. Mimi sijui kuliita jina moja jambo hili. Nyinyi mnaosoma, mtaliita nini?"

Walibishana hadi usiku, baada ya Isha, katika ua wa madrasa. Wengine walisema ardhi ni amana, na mwenye kuiharibu hana haki ya kulalamika akizuiwa. Wengine walisema amana hailindwi kwa kuwanyang'anya maskini maziwa bila kuwauliza. Hatukuwatolea hukumu. Tulifurahi kwamba neno moja la kitabuni limekuwa na watu ndani yake, wenye sura, wenye hasara na wenye faida. Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alilalamikia shule inayomtenga mtoto na jamii yake na kumfanya adhani kwamba maarifa yote yamo vitabuni au kwa waliosoma. Mzee yule hakuwa na cheti chochote, na wanafunzi wa Kidato cha Tano waliandika kila alilolisema.

Asubuhi tulikwenda Kolo, kaskazini ya Kondoa. Michoro ya Kondoa imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006, katika eneo la kilomita za mraba 2,336 lenye mapango na miamba iliyochorwa zaidi ya 150. Tulijiandikisha katika ofisi ya mambo ya kale, tukapewa mwongozaji, kisha tukapanda kilima kwa miguu. Wakina mama wawili walibaki chini ya mti na chupa za chai. Wanne walipanda, na mmoja wao alifika kabla ya wavulana.

Chini ya mwamba uliojitokeza kama ukingo wa paa, vijana walinyamaza. Juu ya jiwe kulikuwa na twiga, pofu na watu wembamba warefu, kwa rangi nyekundu ya ngeu. Na penginepo michoro ya rangi nyeupe, minene zaidi, ya watu waliokuja baadaye sana. Mwongozaji aliwakataza kugusa, kwa kuwa jasho na mafuta ya vidole huua rangi, akawaonesha mchoro mmoja maarufu: mtu ameshikwa katikati, na wenzake wako upande huu na upande huu. Mtafiti Mary Leakey, aliyeinakili michoro ya Kondoa mwaka 1951, aliuelewa kuwa ni mtu anayetekwa. Wengine waliochunguza mila za Wasandawe, jirani wa eneo hili, wanaona hapo ngoma ya kuagulia mgonjwa, na wale wanaomshika wanamtegemeza asianguke. Mwongozaji akauliza: "Nyinyi mnaona nini?" Wakagawanyika. Ni adui au ni ndugu? Mchoro ni mmoja. Wanafunzi waliozoea maswali ya kuchagua jibu sahihi kati ya manne walilazimika kueleza kwa nini wanaona wanachokiona, na ni ushahidi gani ungewafanya wabadili rai.

Humo humo lilikuja suala la mzee wetu wa kamati. Baadhi ya wenyeji hadi leo hufika katika pango la Mongomi kuomba mvua na kuaguliwa, na alama za tambiko zilionekana. Kijana mmoja alikunja uso akasema maneno makali. Ustadhi hakumkemea wala hakumuunga mkono. Alimwambia kwamba itikadi yake ni safi na aishike. Kwamba kutazama athari za waliotangulia si kuziabudu. Na kwamba mwenye kujua anachokiamini hahitaji kumtukana jirani ndipo ajue kuwa yuko salama. Kisha akamwonesha mashimo ardhini. Watu wamechimba katika mapango haya wakitafuta dhahabu inayosemekana ilifichwa na Wajerumani wakati wa vita vya 1916. Ustadhi akauliza: "Kati ya anayeomba hapa na aliyechimba hapa, nani ameharibu zaidi amana iliyo ya watu wote?" Kijana hakujibu, lakini swali hilo ndilo aliloliandikia taarifa yake.

Tulirejea Dodoma kabla ya jua kuzama, Alhamdulillah, sote salama.

Ijumaa iliyofuata, baada ya Isha, vijana walisoma taarifa zao mbele ya wazazi. Kundi la maji halikuishia kusoma. Waliiomba kamati, kwa heshima lakini kwa msisitizo, ibadilishe mabomba manne yanayovuja na kupunguza kasi ya mengine. Baadhi yetu tulitazamana. Watoto tuliowapeleka kujifunza walikuwa wamerudi kutudai. Mabomba yamebadilishwa.

Hatudai kwamba alama za mitihani zitapanda kwa sababu ya siku mbili. Tunajua pia kuna safari za shule ambazo ni matembezi tu: watoto hupakiwa, hupigwa picha, hula, hurudi na usingizi. Tofauti inatokana na mambo matatu ambayo mzazi ana haki ya kuyauliza kabla hajatia saini. Mtoto anakwenda na swali gani? Akifika atafanya nini kwa mikono, macho na ulimi wake, mbali na kusikiliza? Na akirudi, atatoa taarifa kwa nani? Shule au madrasa isiyoweza kujibu haya, mzazi abaki na fedha yake. Inayoweza, tunamwomba asiifungie mlango, hasa kwa binti, ambaye mara nyingi ndiye anayebaki nyumbani wakati kaka yake anapanda gari.

Gharama ya safari yetu kwa kila mtoto haikufika bei ya mbuzi mmoja, na waliokosa walilipiwa kwa sadaka za waumini. Misikiti ya mikoa mingine ina Kolo zake: Isimila kwa wa Iringa, Kilwa Kisiwani kwa wa kusini, magofu ya Kaole kwa wa Bagamoyo. Na kwa wa Dar es Salaam, treni ya umeme iliyoanza safari zake za Dodoma mwaka 2024 imeufanya uwanda huu wa kati kuwa karibu. Karibuni, madrasa yetu ina nafasi ya kulala.

Baba mmoja aliyemzuia binti yake kusafiri alikuja kusikiliza taarifa zile. Alikaa nyuma hadi mwisho, kisha akatufuata na swali moja: mabinti walilala nyumba ya nani, na mama gani alikuwa nao? Tulimjibu kwa majina. Akaandika kwenye simu yake, akaaga. Safari ijayo ni wakati wa likizo, insha'Allah, na orodha iko wazi kwa katibu kila baada ya swala ya Alasiri.

Wabillahi tawfiq.